Magoti Yaliyolegea

Mazungumzo ya asubuhi katika redio. Somo: Waebrania 12:11–13

Tunawasalimu ninyi mlio mjini Kisumu, katika Kondele, Nyalenda na Mamboleo. Ninyi wa Dunga mnaongoja mashua zirudi. Ninyi wa Ahero, Kendu Bay, Homa Bay, Asembo na Usenge. Na kila mtu aliyefungua redio yake kabla ya kwenda kazini. Ninyi wagonjwa mlio vitandani tunawasalimu kwa namna ya pekee, maana mazungumzo ya leo ni yenu hasa.

Kama Biblia yako iko karibu, fungua Waraka kwa Waebrania, sura ya 12, usome kuanzia mstari wa 11 mpaka wa 13. Mwandishi wa waraka huu alikuwa akisema na Wakristo waliochoka. Mwanzoni mwa sura amewafananisha na watu walio katika mashindano ya mbio. Kisha anawakumbusha kwamba kurudiwa na Mungu kunauma kwa wakati wake, lakini mwisho wake ni mavuno mema kwa wale waliokubali kuzoezwa. Halafu anawaagiza waikaze mikono iliyochoka na magoti yasiyo na nguvu, tena watengeneze mahali pa kukanyaga, ili mguu unaochechemea usizidi kuumia, upate kupona.

Angalieni jinsi mambo haya yalivyopangwa. Kupona kumetajwa mwisho. Kabla yake kuna kazi ya kukaza goti na kutengeneza njia, na kazi hiyo ameagizwa mgonjwa mwenyewe pamoja na ndugu zake walio karibu naye.

Mara nyingi tumeyahubiri magoti haya kuwa mfano wa imani iliyopoa, na ndivyo yalivyo. Lakini leo twataka kusema habari za goti lenyewe, hili la mfupa na nyama, kwa sababu wapo vijana wengi katika sharika zetu ambao goti limewalegea kweli kweli, nao wanangoja kupasuliwa. Tukilielewa goti lao, huenda tukauelewa waraka huu vizuri zaidi.

Ninyi nyote mmeona jinsi jambo hili linavyotokea. Tangu Gor Mahia walete nyumbani Kombe la Mandela, yaani Kombe la Washindi la Afrika, mwaka wa 1987, watoto wa ufuko huu wamekua wakiota jezi ya kijani. Kila Jumamosi alasiri viwanja vimejaa. Wakati wa kiangazi udongo wetu mweusi hukauka ukapasuka nyufa zinazoweza kumeza kiatu. Kijana anakimbia na mpira, anageuka ghafula. Mguu umebaki pale ulipokanyaga, lakini mwili umekwisha kwenda upande mwingine. Hakuna aliyemgusa. Anasikia kitu kikilia ndani ya goti, anaanguka, na kabla ya jua kutua goti limevimba. Wasichana wetu wanaocheza mpira huumia hivyo mara nyingi zaidi kuliko wavulana. Tena wapo walioumia bila mpira wowote, waliotupwa na pikipiki ya boda boda au kuteleza wakishuka mashuani.

Kilichokatika ni kano. Ndugu zetu wa Ahero wasidhani kwamba tunasema habari za uwanda wao wa mpunga. Kano tunayoitaja ni ule utepe mgumu unaofunga mfupa na mfupa. Katikati ya goti zipo kano mbili zilizopishana, na kwa sababu ya kupishana kwao madaktari huziita kano za msalaba. Ile ya mbele huuzuia mfupa wa mguu usiteleze kwenda mbele, nayo huliweka goti imara mtu anapogeuka. Ikikatika kabisa, mara nyingi haijiungi tena sawasawa. Uvimbe huisha baada ya majuma machache, mtu akadhani amepona. Siku moja anageuka kumwita mtoto wake, na goti linamtoka kama mlango uliong'oka bawaba.

Kwa wengi wa namna hii daktari husema kwamba ni lazima kutengeneza kano mpya. Huichukua katika mwili wa mgonjwa mwenyewe, mara nyingi nyuma ya paja au mbele ya goti, akaipitisha mahali pa ile iliyokatika. Ni kazi ya ustadi na gharama yake si ndogo. Basi ndugu hukutana, kanisa hufanya harambee, ng'ombe huuzwa. Mgonjwa huandikiwa tarehe, pengine ya miezi kadhaa mbele. Hapo ndipo tunapotaka kusimama leo, katika siku zile za kungoja kati ya kuumia na kupasuliwa.

Siku hizo watu wengi huzihesabu kuwa si kitu. Kijana hulazwa kitandani, goti limewekewa mto chini yake lisiume. Mama humletea chakula, wadogo zake hukatazwa kumtuma. Twajua kwamba haya yote ni upendo. Lakini ndani ya mguu mambo mengine yanaendelea. Uvimbe ulio katika goti huuzuia msuli mkubwa wa mbele ya paja usipokee vizuri amri ya ubongo, ndiyo maana mgonjwa hujaribu kuukaza asiweze, akadhani kwamba umekufa. Msuli usiofanya kazi hupungua upesi, hata baada ya majuma machache paja moja huonekana jembamba kuliko lenzake. Nalo goti lililozoea kukunjwa juu ya mto husahau kunyooka. Basi siku ya kupasuliwa daktari huletewa mguu mwembamba ulio mgumu. Ataweka kano mpya vizuri, lakini msuli wa kuilinda haupo.

Jambo hili limechunguzwa na waganga wa nchi mbalimbali. Mwaka wa 1991 daktari mpasuaji wa Marekani, Donald Shelbourne wa Indianapolis, pamoja na wenzake, walionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa katika juma la kwanza, goti likiwa bado limevimba, walipata ugumu wa goti zaidi kuliko wale waliongoja majuma 3 au zaidi. Mwaka wa 2009 wataalamu wa Norway walionyesha kwamba waliokwenda kupasuliwa na paja dhaifu, lililopungukiwa nguvu kwa zaidi ya asilimia 20 likilinganishwa na la mguu mzima, walikuwa bado na upungufu mkubwa miaka 2 baadaye. Udhaifu waliokwenda nao hospitalini walirudi nao nyumbani.

Tena mwaka wa 2010 madaktari wa Sweden walitoa habari za vijana 121 waliokatika kano hii. Wote walipewa mazoezi. Baadhi yao walipasuliwa mapema, na wengine 59 waliambiwa waendelee na mazoezi kwanza, wapasuliwe baadaye kama goti litazidi kuwasumbua. Miaka 2 ilipopita, 23 kati ya hao 59 walikuwa wamepasuliwa, na 36 hawakuhitaji. Tena hali za makundi yote mawili hazikupishana sana. Tusiyatumie maneno haya kumkataza mtu asiende kupasuliwa. Waingereza nao walitangaza mwaka wa 2022 kwamba wale ambao goti limewalegea kwa muda mrefu walisaidiwa zaidi na upasuaji kuliko mazoezi peke yake. Daktari wako ndiye atakayekuambia wewe uko upande gani. Ila katika pande zote mbili mazoezi yapo, nayo huanza kabla ya kisu.

Mazoezi hayo ni yapi? Tutayaeleza kwa kifupi, mpate kuyaelewa mtakapofundishwa. Asiyeonwa na daktari asianze kwa kutusikia sisi tu. Nendeni kwanza hospitalini. Hapa Kisumu ipo hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wazee wetu bado huiita Russia, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Muungano wa Kisovieti ikafunguliwa mwaka wa 1969. Ninyi mlio mbali ulizeni hospitali iliyo karibu nanyi kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Tena goti likiwa limekwama lisinyooke kabisa, au mguu ukiwa baridi na wenye ganzi baada ya ajali, au goti likiwa jekundu lenye moto na mtu ana homa, au shavu la mguu likivimba na kuuma, msingoje wala msifanye mazoezi. Mpelekeni mgonjwa siku hiyo hiyo.

Kazi ya kwanza ni kuondoa uvimbe. Mgonjwa hulala chali, mguu umeinuliwa juu ya mito hata uwe juu kuliko kifua, na barafu iliyofungwa katika kitambaa huwekwa gotini kwa dakika 10 hadi 15. Barafu ile ile ya wachuuzi wa samaki yatosha. Isiwekwe juu ya ngozi tupu, maana itaiunguza.

Kazi ya pili ni kulinyoosha goti. Kunja leso iwe kama gogo dogo, uiweke chini ya kisigino, goti liachwe lining'inie na kushuka lenyewe kwa dakika chache. Akina mama, hapa mtusamehe: ule mto mnaouweka chini ya goti kwa huruma, uondoeni. Unampa raha leo na kumwibia kesho.

Kazi ya tatu ni kuuamsha msuli wa paja. Weka leso iliyokunjwa chini ya goti, uibonyeze kwa goti mpaka uone paja limekaza, uhesabu hadi 5, uachie. Fanya hivyo mara 10, kisha pumzika, na urudie mara kadhaa kwa siku. Msuli ukiitikia vizuri, mgonjwa huuinua mguu mzima ukiwa umenyooka, taratibu, na kuushusha taratibu.

Kazi ya nne ni kulikunja. Mgonjwa huketi sakafuni na kukivuta kisigino kuelekea matakoni, kikiteleza juu ya saruji, mpaka pale anapoweza. Asisukumwe na mtu. Mjomba mwenye nguvu anayelikunja goti la mgonjwa kwa mikono miwili hamsaidii.

Uvimbe ukiisha na mwendo ukinyooka, mtaalamu huongeza kazi. Mgonjwa huchuchumaa nusu akishika mwimo wa mlango. Hupanda na kushuka kidaraja cha baraza. Husimama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Hulala chali magoti yamekunjwa, akainua kiuno, ili misuli ya nyuma ya paja nayo ikae tayari. Hata baiskeli yetu nyeusi ya mizigo, ikisimamishwa kwa stendi yake pana gurudumu la nyuma likiwa hewani, na mtu mwingine akiishika imara, ni mashine nzuri ya mazoezi. Kukimbia, kuruka na kugeuka ghafula havimo.

Shabaha ni hii: mgonjwa aende kupasuliwa goti likiwa halina uvimbe, linanyooka sawa na lenzake, anatembea bila kuchechemea, na paja lake lina nguvu inayokaribia ya mguu mzima. Wataalamu wengi hutaka ifike angalau sehemu 80 katika 100, na 90 ni bora. Kazi hiyo mara nyingi huchukua majuma 5 au 6, na pengine zaidi.

Ndugu wasikilizaji, ni rahisi kuyasema haya katika redio kwa dakika chache. Kuyatenda kwa miezi ni kitu kingine. Tulimtembelea kijana mmoja wa kijiji cha wavuvi upande wa Seme, mzaliwa wa kwanza, aliyekuwa akienda ziwani usiku kuvua omena na kucheza mpira mwisho wa juma. Kano ilikatika. Kanisa lilichanga. Tarehe ya kupasuliwa ilisogezwa mbele mara mbili. Baba yake hakuyapenda mazoezi. Alisema, "Mguu ulioumia ni wa kupumzishwa. Hata ng'ombe aliyeteguka hatumfungi jembe." Naye hakusema kwa ubaya; alimwogopea mwanawe.

Mzee mmoja wa kanisa, mwalimu mstaafu, alianza kupita pale kila jioni. Hakuwa mganga. Alikuja na daftari na tepu ya fundi cherehani. Mtaalamu wa hospitali alikuwa amemfundisha kijana la kufanya, na mwalimu akachukua kazi ya kuhesabu na kuandika. Kila Jumamosi alipima mapaja yote mawili mbele ya baba, akamwonyesha tofauti. Wiki ya kwanza haikupungua, wala ya pili. Kijana akakata tamaa, akasema, "Mwalimu, nimeuinua mguu huu hata nimechoka, na hospitali bado hawajaniita. Kuna faida gani?" Mwalimu akamjibu, "Mwanangu, tarehe ni yao, mguu ni wako. Haya, kumi na moja, kumi na mbili." Katika wiki ya nne tepu ilionyesha kwamba paja limeanza kurudi. Baba aliichukua tepu ile, akapima tena mwenyewe, kisha akaenda kutengeneza kidaraja cha mbao mbele ya mlango ili mwanawe apate mahali pa kupandia.

Halafu likaja jaribu ambalo hatukulitazamia. Goti lilipopata nguvu, kijana alitembea vizuri hata watu wakasema kwamba amepona. Palikuwa na mashindano ya vijiji, na wakubwa wa timu wakaja nyumbani jioni wakamwomba acheze dakika 20 tu. Yeye mwenyewe alitaka sana. Mama yake akawapa viti, akawapa chai, akasema, "Baba zangu, nawaheshimu. Lakini nguvu hii mnayoiona tumeiweka akiba ya siku ya daktari. Mkiimaliza Jumapili, mtanirudishia na nini?" Wakanywa chai, wakaondoka. Siku ya mashindano kijana aliketi ukingoni mwa uwanja, na wenzake wakafungwa. Alituambia kwamba siku ile ilimwuma kuliko siku ya kuumia.

Mwisho aliitwa, akapasuliwa, akaanza upya tangu kubonyeza leso. Ila safari hii mwili ulikuwa unaijua njia. Leo anaingia mashuani. Mpira bado, kwa maana kano mpya huhitaji muda mrefu kushika, na waliorudi uwanjani kabla ya miezi 9 huumia tena mara nyingi zaidi. Hatujui kama atacheza kama zamani. Amekubali kungoja, na kungoja sasa anakujua.

Yupo msikilizaji atakayeuliza kama mambo haya ni ya redio ya hospitali au ya kanisa. Pengine atatukumbusha kwamba Mtume Paulo, katika 1 Timotheo 4:8, alisema kuuzoeza mwili kuna faida ndogo. Ni kweli, nasi twakubali. Lakini faida ndogo si hasara, na kwa mtu anayechechemea faida hiyo ndogo ni mkate wa watoto wake. Mwingine atasema kwamba mwenye imani hahitaji mazoezi, kwa kuwa yule kiwete wa Matendo sura ya 3 aliinuliwa mara moja, akaingia hekaluni akirukaruka. Twaamini kwamba Mungu aliyetenda vile aweza kutenda hata leo. Walakini soma habari za mfalme Hezekia katika Isaya 38. Aliomba kwa machozi, Bwana akasikia, na papo hapo nabii akaagiza mkate wa tini uwekwe juu ya jipu. Sala na dawa vilikaa katika nyumba moja bila kugombana. Basi anayekaza paja lake kila asubuhi akimwomba Mungu hajapunguza imani. Ameamini kwamba siku inakuja, naye anajitayarisha kwa ajili yake.

Mnakumbuka pia yule mtu wa Yohana sura ya 5, aliyelala kando ya birika, akiwa mgonjwa kwa miaka 38. Bwana alimwuliza kwanza kama alitaka kuponywa. Swali hilo lilitushangaza tulipokuwa vijana, kwa maana ni mgonjwa gani asiyetaka? Lakini tukiwatembelea wagonjwa twaona kwamba kungoja kwa muda mrefu kunaweza kuua hata kutaka. Mtu huzoea kubebwa. Yule wa Bethzatha alijibu kwamba hakuwa na mtu wa kumtia birikani. Hakuwa na mtu! Hilo ndilo neno ambalo kanisa haliwezi kulisikia likapita.

Basi tunawauliza, enyi makanisa. Tunapofanya harambee ya upasuaji, je, tumehesabu nauli ya kumfikisha mgonjwa kwa mtaalamu wa mazoezi kila juma, kabla na baada? Bwana Yesu alisema katika Luka 14 habari za mjenzi anayeketi kwanza kuhesabu gharama ya mnara. Mpasuaji ni sehemu ya mnara tu. Ulizeni mapema ofisi ya SHA, ambayo tangu Oktoba 2024 ilichukua mahali pa NHIF, italipa nini na haitalipa nini, ili fedha ya kanisa iende mahali palipo na pengo.

Tena, je, tunaye mtu wa kuhesabu? Si kila mtu ana fedha, lakini yupo mama wa Umoja wa Akina Mama awezaye kupita jioni, na kijana wa kwaya awezaye kuishika baiskeli isianguke. Wale wanne wa Marko sura ya 2 waliobeba rafiki yao hawakutajwa majina wala ujuzi. Waliishika pembe ya godoro wakafika. Nanyi makocha wa timu za vijana wetu, wazoezeni watoto kutua kwa magoti yaliyokunjwa na kugeuka kwa adabu kabla ya kuanza mchezo, maana mazoezi ya namna hiyo yamethibitika kupunguza kuumia. Msimwombe aliyeumia dakika 20.

Na wewe uliyelala asubuhi hii, mguu wako juu ya mto, ukisikiliza sauti ya watu wanaokwenda kazini, tuna neno lako. Labda unahuzunika kwa kuwa ibadani huwezi kupiga magoti pamoja na wengine. Mungu husikia sala ya mtu aliyeketi na mguu umenyoshwa juu ya benchi. Labda tarehe yako imesogezwa tena, nawe waona kwamba siku zako zinapotea. Hazipotei zote. Leo unaweza kulinyoosha goti kidogo kuliko jana. Unaweza kubonyeza leso mara 10, na katika kila mara umtaje mtu mmoja mbele za Mungu: mama anayekupikia, mtaalamu anayekufundisha, mgonjwa mwingine aliye katika orodha mbele yako, hata mpasuaji usiyemjua bado. Ukifika mara ya 10, utakuwa umekaza goti na umewaombea watu 10. Waraka wetu wasema kwamba mazoezi ya namna hii hayapendezi wakati wake. Mwandishi hakutudanganya. Mavuno yake huja baadaye, kwa aliyekubali kuzoezwa.

Natuombe.

Ee Mungu Baba yetu, uliyeyaumba magoti yetu na kuyafunga kwa kano, tunawaweka mbele zako wote wanaongoja kupasuliwa katika hospitali za Kisumu na za ufuko huu wote wa ziwa. Uwape subira isiyolala. Uwatulize wazazi wanaoogopa. Uwatie nguvu wataalamu wanaowafundisha na madaktari watakaowapasua. Uliamshe kanisa lako, kila anayengoja awe na mtu. Na sisi tulio wazima utufundishe kutengeneza mahali pa kukanyaga kwa ajili ya wanaochechemea, mpaka siku ile utakapotusimamisha sote. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.

Kwaherini, ndugu wasikilizaji. Mungu awabariki katika kazi za leo.